Kioo Hakikumbuki Wapi

Kwa miaka arobaini na mitano kebo ya Igembelo ililala ardhini bila serikali kujua kwamba ipo, na kosa hilo lilikuwa la Tusekile Mwaisumbe peke yake. Ramani zote za nchi huandika "njia ya kebo". Yeye, alipochora ramani ya kituo cha utafiti wa chai mwaka 2029, aliandika "pito la uzi". Basi wizara ilipotuma mashine zake kupekua ramani kuukuu na kutafuta kila mahali palipoandikwa njia, ili kebo za zamani zikamuliwe sauti zilizolala ndani yake, mashine hizo zililipita pito la Tusekile bila kugeuza shingo.

Aliyeligundua ni binadamu, tena kwa bahati tu. Nyemo Chidawali, afisa wa Hifadhi ya Sauti kutoka Dodoma, alikuwa akipitia makaratasi ya majengo ya Igembelo kabla hayajavunjwa. Alifika Jumanne asubuhi, katika mvua ile ya Tukuyu isiyojali msimu, sanduku la kukamulia mgongoni na ramani mkononi, akamkuta Tusekile jikoni akimenya ndizi. Mgeni alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye mafua. Alisalimia kwa kukunja goti kidogo, akakaribishwa karibu na moto, na alipokwisha kupata joto akauliza, kwa heshima zote, ni kwa nini fundi aliyesoma kama Mama aliandika neno ambalo hakuna fundi mwingine aliyepata kuliandika.

"Lile jingine silitamki," alisema Tusekile. "Lina jina la baba mkwe wangu ndani yake."

Sisi tunaweza kulitaja, maana hatukuolewa kwake. Mzee aliitwa Mwakajila, na kwa Kinyakyusa injila ndiyo njia. Mke wa mtoto, kwa desturi ya zamani ya kule, hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hakai chini ya paa alipo, na ulimi wake huliruka jina lake pamoja na kila neno linalofanana nalo. Wakati Tusekile anaolewa, desturi hiyo ilikuwa imeshachoka. Wenzake walikaa sebuleni na wakwe zao wakitazama mpira na kumlaumu refa. Lakini mzee Mwakajila alikuwa mtu wa kushika mambo, na Tusekile, msichana wa kompyuta mwenye diploma yake, aliona fahari asiyoweza kuieleza kuyashika pamoja naye. Walikuwa wawili wa mwisho pale mlimani, na watu waliwacheka sana.

Nyemo hakucheka. Alilifungua sanduku lake na kuanza kueleza kazi iliyomleta. Siku hizi hakuna asiyejua habari ya kukamua kebo, ila Tusekile alitaka kuelezwa kama fundi, si kama bibi, na akaelezwa hivyo. Uzi wa kioo unapopitisha mwanga hulegea kwa ndani, kiasi kidogo mno. Hatua za mtu, mlango, mazungumzo, vyote huutikisa, na mtikisiko hubaki humo kama kovu. Nyuzi zilizobeba kazi za kompyuta hazisomeki, kwa sababu mwanga wake uliwaka na kuzima mara nyingi mno na makovu yamepandana. Uzi wa maana ni ule wa akiba, uliokaa gizani na kumulikwa mara mojamoja. Igembelo ilikuwa nao mmoja, namba kumi na mbili, ambao Tusekile mwenyewe aliupima kila Ijumaa kwa miaka ishirini.

"Ila una mipaka yake, Mama," alisema Nyemo. "Kioo kinakumbuka lini. Hakikumbuki wapi. Yaliyosemwa maabara na yaliyosemwa masjala kwa dakika moja yamelala pamoja, huwezi kutoa la huku ukaacha la kule. Na husomwa mara moja tu. Mwanga unaosoma ndio unaofuta."

Kilichobaki kilikuwa idhini. Kwa sheria, fundi aliyetandaza kebo, kama yu hai, ndiye anayekubali au kukataa, na sauti zitakazopatikana hukabidhiwa familia za wenyewe. Tingatinga lingefika Igembelo Alhamisi. Baada ya hapo kusingekuwa na la kukubali wala la kukataa.

Tusekile alikuwa na neno la kukataa tayari mdomoni, na pengine hadithi ingeishia hapo jikoni. Lakini mlango wa ndani ulifunguka, akatoka Gwakisa, mume wake, miaka sabini na sita, amevaa koti la mvua na kiatu kimoja. Alimsalimia mgeni kwa adabu. Kisha akauliza kama baba amesharudi kazini, maana ameenda masjala tangu asubuhi na mvua hii si ya kuchezea.

Mzee Mwakajila alifariki miaka ishirini na miwili iliyopita.

"Hajarudi bado," alisema Tusekile, akainama kumvalisha kiatu cha pili.

Hapo zamani alikuwa akimwambia kweli. Lakini kila alipomwambia, Gwakisa alifiwa upya, akalia kama siku ile ya kwanza, na kesho yake akauliza tena. Kwa hiyo akaacha. Sasa kila siku alasiri mumewe alisimama getini kumsubiri baba, na mara mbili walikuwa wamemwokota katikati ya mashamba ya chai, amelowa, akimtafuta. Daktari wa Mbeya aliwahi kusema kwamba wagonjwa wa aina yake hutulizwa na sauti wanayoitafuta. Tatizo ni kwamba sauti hiyo haikuwepo popote. Mzee hakupata kuzungumza kwa simu na nyumba ya mwanawe hata siku moja, kwa kuchelea kwamba mkwe wake angesikia. Aliandika barua.

Nyemo alimtazama Gwakisa akitoka kwenda getini, akafuta pua, akasema polepole kwamba huenda kuna dakika nyingi za mzee ndani ya ule uzi, maana mwisho wake wa pili uko masjala.

*

Walipanda kituoni baada ya chakula. Tusekile alitembea mbele, na kila alipokanyaga palimkumbusha kitu, hata akawa anachoka kwa kukumbuka kuliko kwa mlima.

Igembelo ya ujana wake ilikuwa na majengo mawili yaliyotazamana kwenye vilima viwili, mita mia tatu na arobaini kati yao, na bonde la chai katikati. Huku maabara, kule masjala. Kompyuta za maabara zilijua majani, za masjala zilijua mashamba, na hazikujuana zenyewe kwa zenyewe. Mtu akitaka kujua jani gumu limetoka shamba gani, tarishi alifungiwa kumbukumbu kwenye mfuko wa nailoni, akapewa mwavuli, akatumwa kushuka bonde na kupanda. Mara tatu aliteleza, na mara moja kati ya hizo vipimo vya mwaka mzima vilisafiri na mfereji hadi Kyela. Waliwahi kuvuta waya wa shaba. Radi ya kwanza ya Desemba iliufuata waya huo, ikaingia nao maabara na kuunguza kila kilichokuwa kimechomekwa. Ndipo mkurugenzi, bwana mmoja wa Tanga aliyevaa sweta mbili mwaka mzima, akakubali kununua kioo, kwa kuwa kioo hakiijui radi.

Tusekile alikuwa na miaka ishirini na sita, ameolewa miezi minne. Wachuma chai waliacha vikapu wakachimba mtaro kwa majembe, kina cha goti, huku wakiimba matusi ya kumtania yeye na mkwe wake. Bomba la rangi ya chungwa lililazwa. Ndani yake zikapitishwa nyuzi kumi na mbili, nyembamba kama nywele, na yeye akaketi chini ya turubai kuziunga. Kazi hiyo aliipenda kuliko kitu chochote alichopata kufanya kwa mikono yake. Unaukata uzi, unaupangusa kwa spiriti, unailaza miisho miwili uso kwa uso ndani ya mashine, unabana pumzi. Cheche moja tu, nao umekuwa uzi mmoja, na hutaweza tena kuonyesha ulipokatika.

Shida ilikuwa upande wa pili. Masjala ilikuwa ofisi ya mzee Mwakajila. Mkurugenzi hakuelewa, akadhani ni ugomvi wa kifamilia, akataka kuwasuluhisha. Hatimaye alikubali kwamba Tusekile ataingia masjala siku mzee akiwa mjini tu. Na kupima, ambako kunahitaji mtu kila upande, kutafanywa kila mmoja akiwa kwake.

Wakapima hivyo kwa miaka ishirini. Kila Ijumaa saa nne Tusekile aliingia chumba kidogo cha kebo pale maabara, akachomeka kalamu yake ya taa kwenye uzi wa kumi na mbili, akaiwasha. Taa nyekundu ikaenda chini ya bonde lote la chai na kutokea kwenye kisanduku cha ukutani masjala. Mzee akaiona, akaandika kikaratasi, akampa tarishi. Dakika tano au sita baadaye tarishi aligonga mlango na kikaratasi chenye mwandiko mzuri wa kulala: "Kumi na mbili. Imefika." Tusekile akazima. Hakuviweka vikaratasi vile. Nani angeweka? Sasa angetoa ng'ombe kwa ajili ya kimoja.

Ni katika kumsubiri tarishi ndipo alipoanza kusema na taa. Mwanzo alikuwa akiwalaani fuko waliotafuna bomba. Baadaye alisimulia habari za nyumbani, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza mkwe wake mambo anayopaswa kuyajua. Alijua kwamba kioo kinapeleka mwanga tu. Ndiyo maana aliweza.

*

Masjala ilikuwa imebaki kuta na harufu ya makaratasi. Nyemo aliunganisha sanduku lake kwenye kisanduku cha ukutani, na kwenye skrini yake zikajitokeza Ijumaa zote, safu kwa safu, kila moja kijimstari kifupi cha dakika tano au sita. Katikati ya safu ya tatu kulikuwa na mstari mrefu usiofanana na wenzake.

Tusekile aliuona mara moja, akageuza macho. Nyemo alipendekeza wajaribu kwanza kwa Ijumaa moja fupi, yoyote, kuhakikisha uzi uko hai. Tusekile akakubali, kisha akatoka nje na kusimama upenuni, kwa sababu kama sauti ya mzee ingetoka, isingemkuta ndani.

Nyemo alisikiliza kwa vifaa vya masikioni. Baadaye akaja mlangoni, amekunja uso.

"Kuna wewe, unalalamika habari za mchele. Halafu kuna mzee. Anasema, 'Mkwe wangu ameingia. Nipisheni nitoke.' Halafu kiti kinasogezwa, mlango, na baada ya hapo ni mvua tu na mtu anakohoa. Mama, si ulikuwa maabara?"

"Nilikuwa maabara."

"Sasa nani aliingia?"

Tusekile aliangalia kile kisanduku ukutani, halafu akaangalia pale aliposimama yeye, penye ukuta uliolika kidogo usawa wa mabega, ambapo kebo ilipanda kutoka ardhini. Ikamwingia taratibu. Taa ilikuwa yake. Aliiwasha kwa mkono wake. Ikifika masjala, kwa hesabu za mzee Mwakajila, mkwe wake alikuwa amefika masjala, na wao hawakai chini ya paa moja. Basi mtunza masjala mkuu, mtu mwenye funguo kumi na nne kiunoni, aliinuka kila Ijumaa saa nne, akatoka kwenye ofisi yake mwenyewe, akasimama upenuni na kikohozi chake hadi taa izimwe.

Alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na kicheko kilipomwishia aligundua kwamba analia, tena kilio chenye hasira ndani yake, kwa sababu angejua angeharakisha. Miaka ishirini alidhani mzee anachungulia taa, anaandika, anarudi kwenye mafaili yake. Miaka ishirini alimtoa nje kwenye mvua na kuanza kumsimulia bei ya mchele.

"Ule mrefu," Nyemo aliuliza, "ni wa nini? Dakika sitini na mbili. Sijausoma, naona umbo la sauti tu: yako iko mwanzoni. Iliyobaki karibu yote ni ya mzee. Kwingine kote hasemi zaidi ya maneno mawili matatu."

Tusekile alisema anajua ni Ijumaa gani. Ilikuwa Machi ya 2031.

Mtoto wao wa kwanza, Lugano, alikufa kwa homa akiwa na miezi minne. Baada ya mazishi Gwakisa alifunga mdomo. Hakupiga mtu, hakulewa, alienda kupogoa chai na kurudi, alikula alichowekewa. Ila kwa miezi minane hakumwuliza mkewe kitu chochote, hata chumvi iko wapi. Ijumaa ile Tusekile aliingia chumba cha kebo, akafunga mlango kwa ufunguo, akawasha taa, akaiambia kila kitu: kwamba amekwisha kufunga nguo, kwamba Jumatatu anapanda gari la asubuhi kwenda kwa mama yake, kwamba harudi, kwamba hamchukii Gwakisa ila hawezi tena kuishi na ukuta. Kisha akalia na kusahau kuzima. Tarishi aligonga, akachoka, akaondoka.

Jumatatu hakwenda. Jumamosi jioni Gwakisa alikuja kuketi mbele yake na kulitaja jina la mtoto, mara ya kwanza tangu mazishi, wakalia wote wawili hadi mboga ikaungua. Nini kilimfungua mdomo, Tusekile hakujua. Alizitoa nguo kwenye begi, akazaa watoto wengine watatu, akazeeka. Hakumwambia mtu kwamba begi lile lilikuwepo.

"Na kuyatenganisha haiwezekani," alisema.

"Haiwezekani. Akimsikia baba yake, atakusikia na wewe."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kama Gwakisa angekuwa na akili zake, angeyasikia maneno yale kama mambo ya zamani, wakayacheka au wakayanyamazia. Lakini kwa Gwakisa wa sasa hakukuwa na zamani. Alichokisikia leo ni cha leo. Angemsikia mkewe anasema kwamba Jumatatu anaondoka, na angeamini, na kesho wakimwekea tena angeamini upya. Kumpa baba ilikuwa ni kumnyang'anya mke, kila siku, kwa mkono wake yeye mwenyewe Tusekile.

Tena kulikuwa na mzee. Tusekile alimwuliza Nyemo sheria inasemaje kuhusu marehemu, na Nyemo akakiri kwamba haisemi kitu.

"Mtu huyu alitoka kwenye mvua ili nisimkaribie hata kwa taa," alisema Tusekile. "Maneno yake ya pale ukutani aliyasema kwa kuwa hakuna wa kuyasikia. Leo nimtie kwenye sanduku nimpeleke sebuleni kwangu. Ni nani aliyeniruhusu?"

Nyemo alisema tu kwamba mama yake mwenyewe alikamuliwa bila kuulizwa, kwenye kebo ya hospitali, na kwamba yeye husikiliza kila Jumapili na kila Jumapili huona haya.

Walishuka bila Tusekile kuweka kidole cha idhini popote. Walipofika getini walimkuta Gwakisa amesimama, maji yanamchuruzika kwenye kofia. Aliuliza kama huko walikotoka wamemwona baba. Tusekile alimshika mkono kumwingiza ndani, na mkono ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni, na ndipo alipokata shauri. Si kwamba alipata jibu la swali lake. Aliona tu kwamba kuna mtu mmoja anayeuliziwa kila siku na kuna mtu mmoja anayeuliza, hao ni baba na mwana, na yeye amekaa katikati yao akisema "hajarudi bado".

Aliweka kidole. Alitoa sharti moja, kwamba yeye hatasikiliza upande wa mzee. Hilo ndilo jambo pekee ambalo mzee alilitaka kwake maisha yake yote, na angempa.

*

Jumatano asubuhi Nyemo alikamua uzi, na saa nne alikuwa sebuleni na kisanduku kidogo mezani. Tusekile alimfunga Gwakisa vifungo vya sweta, akamwambia kwamba ataisikia sauti ya baba, akatoka. Aliketi kwenye kigoda chini ya dirisha na mikono tayari kuziba masikio.

Kwanza alijisikia mwenyewe. Hakutegemea jinsi sauti ile ingekuwa changa. Msichana mmoja alikuwa akisema kwamba amefunga nguo, kwamba Jumatatu, kwamba harudi, na Tusekile alitamani kuingia humo ndani amkumbatie. Kisha msichana akaanza kulia, na nyuma ya kilio chake ikasikika mvua ya mahali pengine, na mtu akasafisha koo. Tusekile akaziba masikio, akayabana kwa nguvu mpaka yakauma.

Alibaki hivyo kwa muda mrefu. Mwishowe alihisi mtu juu yake. Gwakisa alikuwa ametoa kichwa dirishani, anasema naye, na kwa utaratibu wa nyumba ile tangu zamani, maneno ya baba kwa mkwe hupitia kwa mwana. Akazibua sikio moja.

"Baba anasema taa yako inatetemeka," alisema Gwakisa. "Anaiona kwa dirishani. Anasema siku zote hutulia, leo inatetemeka."

Aliingiza kichwa, akasikiliza, akarudi.

"Anasema kama unalia, ulie. Yupo nje hapa, haondoki mpaka uzime mwenyewe."

Mara ya tatu alikawia. Aliporudi, macho yake yalikuwa na utulivu ambao Tusekile hakuuona kwa miaka miwili. Alisema baba amemaliza kwa kusema kwamba hajui kuna nini kwenye nyumba ya mwanawe, lakini kesho atamwita huyo mwana.

"Na aliniita," Gwakisa aliendelea, na sasa hakuwa akirudia maneno ya mtu. "Alinikuta shambani, nanoa kisu. Akaniambia, 'Mke wako ana nini?' Nikasema sijui. Akasema, 'Basi nenda ukamwulize.' Nikaja. Nikakuona umekaa. Nikashindwa kuuliza, Tuse. Niliona haya. Nikalitaja jina la mtoto, nikafikiri labda hiyo inatosha."

Tusekile alisema kwamba ilitosha.

Gwakisa alimtazama, na taratibu, kama wingu linavyoshuka mlimani, utulivu ule ukaondoka usoni kwake. Alikumbuka alichokisikia mwanzoni.

"Jumatatu unaondoka?"

"Siondoki."

"Umesema unaondoka. Umefunga nguo. Nimefanya nini?"

Basi Tusekile aliinuka kwenye kigoda, akaingia ndani, akaketi mbele yake. Nyemo alikuwa ameshazima kisanduku na kutoka. Tusekile alimweleza Gwakisa alichofanya na asichofanya, habari ya Lugano, ya miezi minane, ya chumvi, ya begi, na ya jioni ya Jumamosi na mboga iliyoungua. Gwakisa aliuliza, akajibiwa, akauliza tena. Ilichukua asubuhi yote. Alhamisi walisikia tingatinga likipanda Igembelo, na hakuna aliyekwenda kutazama.

Tangu hapo Gwakisa hakusimama tena getini. Baba amerudi, aliwaambia watu, amemsikia. Kisanduku hakikuwashwa mara ya pili, na Nyemo aliondoka nacho kukihifadhi kwa ajili ya watoto. Lakini maneno yale ya mwanzo yalikuwa yameingia mahali ambapo mengine yote yalikuwa yakitoka, na hayakutoka. Kila asubuhi kabla ya chai Gwakisa aliamka na hofu mpya, akamtafuta mkewe chumba hadi chumba mpaka akamwona, akamwuliza kama ni kweli Jumatatu anaondoka, na kwa nini, na yeye amemkosea nini.

Tusekile aliepua chai ili isichemke ikamwagika, akavuta kiti, akaanza kumjibu tangu mwanzo.